Hakuna Athari

Barua ya Milena ilimfikia Enoka Nzunda mwezi wa Julai 2011, wiki sita baada ya kutumwa. Ilikuwa imeandikwa sanduku la posta la kanisa la Isansa, anwani pekee aliyowahi kumwachia mtu ng'ambo. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akienda Mlowo kununua mabati aliipitisha shuleni, akaiacha mezani katika ofisi ya walimu juu ya madaftari ya kidato cha tatu.

Enoka alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alifundisha fizikia na hisabati katika shule ya sekondari ya kata, na wenzake walimjua kama mtu mpole asiyependa vikao virefu. Walijua pia kwamba alisoma Ulaya Mashariki, lakini mambo ya huko hakuyazungumza, na baada ya miaka ishirini hakuna aliyekuwa akiuliza tena.

Aliifungua barua kwa rula. Milena aliandika kwa lugha ya kwao, ambayo Enoka alikuwa hajaisoma muda mrefu, ikabidi arudie sentensi mara mbili mbili.

"Enoka, natumaini uko hai," ilianza. "Danitsa inarudi. Mwezi wa Septemba itapita karibu na Dunia. Tuko watu saba, wengi wetu wastaafu, na chuo kimoja kimetukubalia kutumia dishi lake saa sita kwa wiki. Mwezi wa Mei tulilielekeza pale hesabu zako za zamani zinaposema. Hatukusikia kitu. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya kazi ile ya nguvu ndogo. Tafadhali itazame upya." Chini aliandika anwani ya barua pepe.

Danitsa kilikuwa chombo cha angani. Kilirushwa mwaka 1988 ili kizunguke Jua, nje kidogo ya njia ya Dunia, na kupima chembe zinazotoka kwenye Jua lenyewe. Enoka alikuwa amekwenda kusoma huko kwa ufadhili mwaka 1984, na alipomaliza walimbakiza kama msaidizi katika kitengo kilichofuatilia njia ya chombo. Wakubwa walihesabu mvuto wa Jua na wa sayari. Yeye, kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote na mgeni, alipewa mabaki: msukumo wa mwanga wa Jua, joto linalotoka upande mmoja wa chombo, gesi inayovuja kidogo kidogo. Walimwita mtu wa nguvu ndogo, na hakuona vibaya kuitwa hivyo.

Mwaka mmoja baada ya kurushwa, chombo kilikaribia kupita nyuma ya Jua, mahali ambapo redio haifiki. Kingekaa huko siku arobaini. Kwa kawaida kilijiweka sawa kwa kupuliza gesi kupitia mirija midogo, na gesi ilikuwa imebaki kidogo. Enoka alihesabu akaonyesha kwamba gesi inaweza kufungwa siku zote hizo: chombo kilikuwa na mapezi nyuma, na mwanga wenyewe, kwa kuyasukuma mapezi yale, ungekishika kiendelee kulitazama Jua kama bendera inavyofuata upepo. Kikitokeza upande wa pili, antena yake ingekuwa inaitazama Dunia. Mkuu wa kitengo alikubali. Milena, ambaye ndiye aliyesimamia gesi, alituma amri ya kufunga vali.

Siku arobaini zikapita, na Danitsa haikusikika. Waliitafuta mwezi mzima. Kisha ikaundwa tume, na tume ikasema vali haikufungwa vizuri, gesi ikavuja yote, na uvujaji ule ndio ulioligeuza dishi la chombo upande mwingine. Milena aliondolewa kazini. Mara ya mwisho Enoka kumsikia, alikuwa akipima vipimajoto kiwandani. Muda si mrefu serikali ya nchi ile ilianguka, kitengo kikafungwa, na Enoka akarudi nyumbani na barua nzuri ya sifa iliyosainiwa na mkuu wa kitengo.

Hiyo ilikuwa 1990. Alikuta Tunduma imebadilika, maduka yamejaa mitumba na redio kutoka upande wa pili wa mpaka, kila mtu akiuza kitu. Alitafuta kazi Dar es Salaam mwaka mmoja, akakosa kazi inayofanana na ile aliyoijua, akaomba ualimu na kuoa.

Jumamosi iliyofuata alipanda basi kwenda Tunduma, kwa Nuria binti Abdulrahim. Nuria alizaliwa Ujiji, akaja mpakani na mume wake mwenye malori, na sasa alikuwa na steshenari karibu na geti, ambako mawakala wa forodha walituma nyaraka zao. Intaneti yake haikukatika ovyo, na umeme ukienda aliwasha jenereta.

"Shikamoo, mwalimu. Leo umekuja na mitihani ya kuchapa?"

"Marahaba. Leo nataka kompyuta tu, ile ya pembeni."

Alimwandikia Milena kwamba yuko hai na kwamba anahitaji kumbukumbu zozote zilizobaki. Jibu lilikuja wiki iliyofuata na mafaili kumi na tisa, picha za karatasi za zamani. Nuria alitazama namba kwenye kioo chake.

"Mwalimu, hizi ni karatasi mia moja na kumi na mbili. Unachapa zote?"

"Zote."

"Za nini, kama si siri?"

"Kuna chombo kinazunguka Jua. Hizi ni kumbukumbu zake."

"Cha nani?"

Enoka alifikiri. "Kwa sasa hakina mwenyewe."

Nuria aliongeza karatasi kwenye mashine. Nyuma yake wakala mmoja alikuwa akibishana kwa Kibemba na dereva kutoka Ndola kuhusu muhuri.

Nyumbani, nje kidogo ya Mlowo, Enoka alifanya kazi kwenye meza ya chakula kila alasiri baada ya vipindi. Alikuwa na kikokotozi cha shule na madaftari mawili. Mke wake, Fides, alikuwa akipeta ulezi wa msimu ule mlangoni, mahali penye upepo.

"Hebu niambie na mimi, Baba Fausta," alisema siku ya tatu. "Umeacha hata kunywa chai. Unatafuta nini?"

"Natafuta mwanga wa Jua unasukuma kiasi gani."

"Mwanga unasukuma?"

"Unasukuma. Kidogo mno." Alisimama, akachota ulezi kwenye ungo, akahesabu punje tatu, akaziweka kwenye kiganja cha Fides. "Uzito huu. Chombo kina kilo mia nne, na mwanga unakisukuma kwa uzito wa hizi tatu."

Fides alizitazama. "Hizi hata kuku hazioni."

"Lakini zinasukuma mchana na usiku, na huko hakuna kitu cha kuzizuia, wala hewa. Ukizisahau, mwaka wa kwanza utakosea mahali kilipo kwa kilometa elfu sabini. Sasa ni miaka ishirini na miwili."

"Na wewe ulizisahau?"

"Hapana. Niliziweka. Mei wametazama palepale niliposema, hawakukisikia."

Fides alizirudisha punje kwenye ungo. "Basi si tatu," alisema, akaendelea kupeta.

Enoka naye alifikia hapohapo, ila ilimchukua siku nane zaidi. Kama chombo kingekuwa kimelitazama Jua muda wote, mabawa yake mapana ya vioo vya kuzalisha umeme yakiwa wazi, msukumo ungekuwa wa punje tatu. Lakini kama kilipoteza mwelekeo kule nyuma ya Jua na tangu hapo kinabiringika, basi kuna wakati kinageuza bapa na kuna wakati kinageuza ubavu, na kwa wastani kinapokea mwanga pungufu. Alipata punje moja na sehemu saba za kumi. Kwa msukumo huo mdogo chombo kisingechelewa sana kama walivyodhani. Kingekuwa mbele ya pale walipotazama kwa kilometa laki sita na elfu sabini, karibu mara mbili ya umbali wa kwenda mwezini. Dishi lile liliona kipande cha anga kidogo kuliko ukucha wa kidole ukinyoosha mkono. Si ajabu hawakusikia.

Ilibaki kujua kilianza kubiringika lini hasa, maana hesabu yote ilianzia siku hiyo. Ndipo akafungua mafaili ya mwisho, yale ya kitengo cha gesi, ambayo wakati ule hayakuwa yakipita mezani kwake.

Yalikuwa orodha ya kila mara mirija ilipopuliza, tarehe, saa na upande. Alitarajia pande mbili zilingane. Katika wiki tatu za mwisho kabla ya vali kufungwa, mrija wa kushoto ulikuwa umepuliza mara thelathini na moja. Wa kulia mara nne.

Alizihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Kitu kilikuwa kikisukuma bawa moja zaidi ya jingine, kila siku, na gesi ilikuwa ikilirudisha. Gesi ilipofungwa, hapakuwa na cha kulirudisha. Mapezi yasingetosha. Chombo kingeanza kugeuka siku ileile, na ndani ya siku mbili kingekuwa kinabiringika. Vali ingeweza kuwa imefungwa vizuri kabisa.

Na alijua ni bawa lipi. Miezi miwili kabla ya kurusha, bawa moja lilipata ufa karakanani, likabadilishwa kwa jingine la akiba, ambalo kioo chake kilikuwa cheupe kidogo. Kioo cheupe hurudisha mwanga zaidi, na mwanga unaorudishwa husukuma zaidi. Karatasi ililetwa kwake ikiuliza kama mabadiliko hayo yanagusa hesabu za nguvu ndogo. Kuzirudia hesabu kulihitaji kusubiri foleni ya kompyuta wiki tatu, na orodha ya wasaidizi watakaokwenda kuangalia chombo kikirushwa ilikuwa ikifungwa Ijumaa ile kwa wale waliokwisha kumaliza kazi zao. Enoka alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa amewahi kuona kitu kikirushwa. Aliandika chini ya karatasi, "Hakuna athari," akasaini. Alikwenda akaona, na ilikuwa kama alivyotarajia.

Tume ilipokaa, karatasi ile haikutajwa. Aliikumbuka siku moja akiwa kwenye ngazi za kitengo, akajiambia tofauti ya weupe ilikuwa ndogo mno. Hakukaa chini kuihesabu. Sasa aliihesabu, na ilimchukua muda usiofika saa moja.

Siku ile hakumwambia mtu. Kesho yake alifundisha vipindi vinne, kimojawapo kuhusu msuguano, na mwanafunzi mmoja alimsahihisha ubaoni alipoandika alama ya kutoa mahali pa kujumlisha.

Jioni kabla giza halijaingia aliandika barua kwa mkono, ya kwenda kuinakili kwa Nuria. Ilikuwa fupi. Chombo kinabiringika tangu siku za kwanza za kufungwa kwa gesi. Tumieni msukumo huu. Tazameni mahali hapa, tarehe hizi. Kila neno lilikuwa kweli, na Milena asingehitaji kitu kingine ili kukipata chombo. Aliikunja akaitia kwenye daftari. Jumamosi ilifika, hakwenda Tunduma. Alisema anaumwa mgongo.

Jumapili, walipotoka kanisani, Fides hakupita njia ya sokoni kama kawaida. Walitembea pamoja kwenye ukingo wa shamba lao la kahawa.

"Mgongo umepona?" aliuliza.

"Hauumi."

"Najua hauumi."

Enoka alimweleza. Alieleza bawa, karatasi, foleni ya kompyuta, safari, tume, na kiwanda cha vipimajoto. Fides alisikiliza, mara akisimama kukagua tawi lenye wadudu, mara akiendelea.

"Huyo mama ana watoto?" aliuliza mwishoni.

"Alikuwa na mmoja, mdogo. Mume hakuwa naye."

"Na anajua kwamba si yeye?"

"Sijui anajua nini. Ile orodha ya kupuliza alikuwa nayo tangu mwanzo. Lazima aliona haiko sawa, ila hakuwa na karatasi ya bawa. Mimi nilikuwa na karatasi, sikuwa na orodha."

"Ungeiomba wangekunyima?"

"Wasingeninyima."

Walifika kwenye mfereji. Fides alivua viatu vyake vya kanisani, akavuka, akamsubiri.

"Barua umeshaandika?"

"Nimeandika mahali kilipo. Hilo ndilo aliloomba."

"Na haya uliyoniambia?"

"Nimekwambia wewe kwanza."

"Mimi sikufukuzwa kazi, Baba Fausta," alisema Fides. Hakupandisha sauti. Alivaa viatu wakaendelea kwenda nyumbani, na siku ile hakulitaja tena.

Jumatatu Enoka aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Alisema ana jambo la kuandika Tunduma, na mkuu, ambaye alikuwa hajawahi kuombwa ruhusa naye, alimpa. Kwa Nuria mawakala walikuwa wamejaa. Alisubiri hadi saa tano. Akaandika kwanza mahali chombo kilipo na namna alivyopata, kwa sababu tarehe zilikuwa zimekaribia. Kisha akaandika yale mengine, tangu ufa wa bawa hadi Ijumaa ya orodha, na maneno mawili aliyoandika chini ya karatasi. Alijaribu kueleza kwa nini, akafuta, akaacha yaliyotokea tu. Mwisho aliandika: "Vali yako ilifungwa. Gesi haikuvuja. Tume ilikosea, na mimi ningeweza kuwaonyesha." Alisoma mara moja, akatuma.

"Umemaliza, mwalimu?" Nuria aliuliza. "Uso wako umechoka."

"Nimemaliza, dada."

Hakuna jibu lililokuja wiki ile, wala iliyofuata. Enoka alikwenda Tunduma Jumamosi zote mbili. Ya tatu, Septemba ikiwa katikati, alikuta mistari michache.

"Tulianza pale uliposema. Hakikuwapo. Tukarudi nyuma kidogo kidogo, na saa ya tatu tukakisikia, kilometa kama elfu arobaini kutoka kwenye alama yako. Ni sauti moja tu nyembamba ya redio, inapanda na kushuka kila dakika kumi na moja. Chombo kinabiringika, kama ulivyosema. Watu wawili walilia. Yale mengine nimeyasoma. Sijui nikujibu nini bado."

Hakusaini jina.

Enoka alichapa ujumbe ule akaenda nao nyumbani. Alimsomea Fides, akitafsiri taratibu. Fides alimwomba arudie sehemu ya dakika kumi na moja, na akataka kujua kama sauti ile ingeweza kusikika kwenye redio yao. Alimwambia haiwezi.

Danitsa ilipita, na mvuto wa Dunia ukaipinda njia yake kidogo. Walijaribu kuitumia amri, haikuitika. Ilikuwa na redio moja tu iliyobaki ikisema, na hakuna sikio. Kufikia Oktoba ilikuwa imekwenda mbali, wakaipoteza. Kundi la Milena lilimwomba Enoka ahesabu itarudi lini. Alihesabu: miaka kumi na tisa, ikiwa itaendelea kubiringika vilevile, na akaandika wazi kwamba hilo hana hakika nalo.

Barua ya pili ya Milena ilikuja mwanzoni mwa Novemba. Ilikuwa ndefu. Alieleza kiwanda, miaka sita aliyokaa huko, na jinsi alivyokuwa akiirudia siku ile ya kutuma amri akijaribu kukumbuka kama aliibonyeza sawasawa. Kwa muda mrefu, alisema, alishaamini kwamba hakuibonyeza. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko kazi aliyopoteza, na alitaka Enoka alijue. Kisha akaandika kwamba watu wa kitengo cha zamani hukutana kila Novemba, na mkuu wao, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, bado huja. Alitaka kuwasomea barua yake. "Ukitaka nifiche jina lako, nitasema imeandikwa na mtu mmoja aliyekuwa nasi."

Enoka alijibu palepale, kwa Nuria, wakala mmoja akimsubiri ampishe kiti. "Soma yote. Jina liache humo."

Mkutano ulifanyika. Milena alimweleza baadaye kwamba mzee alisikiliza hadi mwisho, akaomba aonyeshwe orodha ya kupuliza, akakaa nayo muda mrefu akiisoma kwa miwani mbili. Baadaye aliomba karatasi, akaandika kwa mkono wake kwamba ripoti ya mwaka 1989 haikuwa sahihi kuhusu vali, akasaini, na wengine waliokuwapo wakasaini chini yake. Haikuwa na nguvu yoyote kisheria. Taasisi iliyotoa ripoti ile haipo tena. Milena aliiweka kwenye fremu, kisha akaitoa, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu ilimchosha kuitazama. Ipo kabatini.

Hakusema kwamba amemsamehe, na Enoka hakumuuliza. Waliendelea kuandikiana mara tatu au nne kwa mwaka, mara nyingi kuhusu mahali ambapo chombo kingekuwa wakati huo. Mwaka 2014 Milena alimuuliza kwa mara ya kwanza kuhusu shule, na Enoka akamwandikia kurasa mbili.